Mashavu ya Senge

Aliyenifundisha kukandika nyumba ni shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi Wasamia tunamwita senge. Na nikisema kukandika simaanishi kumwaga tope ukutani kama mtu anayeziba tundu la panya. Siku hizi watu wanajenga kwa saruji ya Tororo, wanasugua ukuta mpaka unateleza, basi wanajiona wamefika. Senge angepita mbele ya nyumba hizo bila kugeuza shingo. Kwake yeye ukuta laini ulikuwa ukuta uchi, na alilisema hilo mbele ya wenye nyumba, maana haya hakuwa nayo.

Mkono wake ulikuwa mzito kwa makusudi. Alichanganya udongo mweusi wa bondeni na mavi mabichi ya ng'ombe, akatia majivu, akaukanyaga mpaka ukashikana kama ugali, kisha akaubandika kwa unene wa kidole gumba. Juu yake ukaja udongo mwekundu wa kichuguu, na mwisho ule mweupe wa kando ya mto. Kabla haujakauka aliuchana kwa gunzi la mahindi, kwa ukucha, kwa kifundo cha kidole, ukainuka matuta na mabonde. Jua la asubuhi likiupiga ukuta ule ubavuni, kila tuta lilitoa kivuli chake. Wanawake walitoka mbali kuja kuutazama, wakisingizia kwamba wamekuja kuomba moto.

Kidole chake cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimekatwa zamani, baada ya kuvimba na kuoza. Kwa hiyo alipovuta vidole kwenye tope bichi, michirizi yake ilikuwa na pengo katikati. Ukiiona michirizi hiyo popote, kuanzia Masaba kwetu mpaka ng'ambo alikoolewa, ulijua ni nani aliyepita hapo. Mimi alinifundisha kwa matusi. Alisema mikono yangu inafaa kuchungia mbuzi, akanibomolea kazi ya siku nzima, akaniambia nianze upya, halafu akanipa ndizi. Nilimpenda kuliko mama yangu mzazi, na mama alijua, na wala hakununa.

Mimi niliolewa Mella, upande wa Uganda. Senge alikuwa ng'ambo, upande wa Kenya, katika boma lisilo mbali na njia ya Busia. Wakati huo wa Waingereza mpaka wenyewe ulikuwa gogo limelazwa barabarani na askari wa kulilinda. Kuna waliolima huku na kulala kule. Nilikuwa nikitoka kwangu alfajiri nafika kwake jua halijawa kali sana, nakula, namsikiliza akiwasengenya majirani, narudi.

Mume wake alipofariki, ndugu mdogo wa marehemu alitaka kumrithi, kama desturi ilivyo. Senge alikataa. Alimwambia mbele ya watu kwamba amekwisha kupika vya kutosha kwa ndugu mmoja. Watu walicheka, na yule bwana akacheka nao, lakini kicheko kile hakikushuka tumboni. Yeye sasa ndiye alikuwa mkubwa wa boma, mwenye mashamba na mwenye kihenge, lile ghala la fito lililosimama katikati ya uwanja. Senge alibaki na kijishamba cha mawe na mtoto wake wa pekee wa kiume. Mtoto mwenyewe alipopata nguvu za kulima, serikali ikamchukua kwenda vitani, huko mbali wanakokuita Bama. Alituaga akicheka, amevaa kaptula kubwa kuliko yeye.

Halafu mvua ikakosa. Ikakosa vuli, ikakosa na masika. Huku kwetu Mella muhogo ulituokoa, ingawa tuliula mpaka ukatutoka puani. Kule ng'ambo kulikuwa kukavu kabisa, na watu walianza kupika mizizi. Nilimbebea senge muhogo mkavu kichwani. Kumbe serikali ilikuwa imepiga marufuku chakula kuvuka mpaka. Askari wa pale kwenye gogo, mtu mnene wa mashavu, akanishushia mzigo wangu mwenyewe.

"Wewe mama nakwenda," akaniambia. "Chakula hapana kwenda."

Nilimwomba kwa Mungu wa wazungu na kwa wa kwetu pia. Nilimwambia ninayempelekea ni mzee, ni mjane. Alinisikiliza vizuri tu, akasema amri si yake, akauweka muhogo wangu nyuma ya kibanda chake. Mpaka leo nikisikia mtu anasema amri si yake, mkono unaniwasha. Safari nyingine nilipitia porini nikiwa na unga nimeufunga tumboni kama mwenye mimba, na huo ulifika, lakini unga wa tumboni ni wa siku ngapi? Mimba ya kweli niliipata muda si mrefu, ikawa mbaya, nikalazwa chini miezi mingi nisitoke.

Nilipopata nguvu ya kutembea nikaenda. Nilimkuta amelala karibu na jiko lisilo na moto. Sura ile iliyokuwa pana, ya mwanamke wa kucheka, ilikuwa imeingia ndani. Mifupa chini ya macho ilisimama, na mashavu yalibonyea kiasi kwamba meno yalijichora kwa nje. Nilitoka kama kichaa kutafuta chochote, na nilipopita uwanjani nikaona kihenge cha shemeji yake kimefungwa paa lake vizuri, na chini kuna punje za wimbi zimemwagika, kuku wanadonoa. Kihenge kilijaa. Nilimwendea mzee mwenyewe, nikapiga magoti. Akanijibu kwa upole kwamba wimbi ule ni wa pombe ya harusi, anaoa mke mwingine, ahadi kwa wakwe haivunjwi, na mwanamke asiye na mume katika boma hana fungu kwenye kihenge. Akaongeza kwamba senge alijichagulia mwenyewe.

Nilimchemshia senge majani. Alimeza mara moja, ya pili yakarudi. Alikuwa na akili zake timamu mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinishika mkono kwa vile vidole vyake vyenye pengo, akasema neno moja tu la maana.

"Wasimdanganye mwanangu."

Alikufa siku iliyofuata. Kwenye mazishi mkubwa wa boma alisimama akatangaza kwamba homa imemchukua mjane wa kaka yake, homa ya ghafla, na amekufa ameshiba, katikati ya watu wake. Wazee wakaitikia. Waliolizunguka kaburi wote walijua, maana walimbeba wenyewe na alikuwa mwepesi kama kuni kavu, lakini kufa njaa ndani ya boma lenye kihenge ni aibu ya ukoo mzima, na ukoo ukiamua neno limekuwa. Mimi nani? Mpwa wa kike, wa kuja. Nilifunga mdomo, nikalia kama wengine.

Nyumba ya marehemu kwetu haikandikwi. Inaachwa iliwe na mvua mpaka ianguke yenyewe. Ndivyo kazi zote za senge kwenye nyumba yake zilivyotoweka, tuta kwa tuta, nikitazama. Lakini kibanda cha ujana cha mwanawe kilikuwa pale pembeni, na kibanda cha mtu aliye hai kinyume chake ni lazima kikandikwe kila mwaka. Ukikiacha kianguke, umemtamkia mwenyewe kifo huko aliko. Hakuna mwanamke wa boma lile aliyeitaka kazi hiyo. Nikaichukua mimi, nikawa navuka kila mwaka baada ya mavuno kumkandikia ndugu yangu nyumba.

Na humo ndani, kwenye ukuta unaotazamana na mlango, ambako mvua haifiki, ndimo nilimomweka senge.

Sura ya mtu ukutani sikuwa nimewahi kuiona ila zile za kanisani, za watakatifu, za karatasi, laini kama ganda la yai. Hazikunifaa kitu. Nilitaka sura yenye mwili, kwa mkono wa senge mwenyewe, mkono mzito. Nilipandisha tope jeusi tabaka juu ya tabaka, nikisubiri moja likauke kidogo kabla ya jingine. Paji la uso nililitoa nje mpaka likaning'inia. Pua niliijenga kwa donge zima, nikalikata kwa ukucha. Makunyanzi nilichora kwa mwiba wa mkakaya. Nywele nilizichana kwa vidole nikiwa nimekikunja cha kati, ili michirizi itoke na lile pengo lake, na hapo ndipo nililia, si kaburini. Mashavu sasa. Ili yabonyee kama nilivyoyaona siku ile, ilinibidi niinenepeshe mifupa, niirundikie tope kwa wingi, kisha nibonyeze katikati kwa kisigino cha mkono mpaka nikazigusa fito za ukuta. Nilipomaliza nilirudi nyuma mpaka mlangoni. Alikuwa yeye, yule wa karibu na jiko. Nilisema moyoni, ndugu yangu akirudi hakuna atakayehitaji kumweleza neno, atamwona mama yake na atajua.

Mkubwa wa boma alikuja kabla sijanawa mikono. Nadhani watoto walimwambia. Aliinama akaingia, akasimama, akatazama muda mrefu. Aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani huyu mwenye njaa kwenye ukuta wa boma lake. Nikamjibu kwamba ni mama wa mwenye nyumba.

"Mnenepeshe," akasema. "Hutaki, usikanyage tena hapa, na kibanda hiki tutakiacha kianguke."

Yaani angemtamkia kifo kijana aliye vitani ili kuficha kifo cha mama yake. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Lakini ningefanya nini? Ningebishana ningefukuzwa, kibanda kingeanguka, na sura ingeanguka nayo. Nikasema sawa, baba. Nikaomba anipe muda tope likauke, kwamba kazi ndivyo ilivyo. Akanipa.

Sasa nikueleze jambo ambalo kila msichana wa kwetu analijua na hakuna mwanamume anayelijua, kwa sababu wanaume hawakandiki. Tope bichi halishikamani na tope kavu. Ukitaka lishike lazima ukwaruze lile la chini, uliloweshe, ulipige maji tena, ndipo ubandike. Mimi nililiacha likauke kabisa. Sikukwaruza. Sikulowesha. Nililipangusa kwa jivu jepesi la kuni, kama anayempaka mtoto poda, kisha nikabandika juu yake mashavu mawili mazuri, ya mviringo, ya mwanamke aliyeshiba. Mzee alisimama juu yangu kazi yote akiniamuru ongeza hapa, ongeza pale. Niliongeza. Aliporidhika aliniambia nina mkono mzuri.

Tangu hapo kila mwaka nilipokuja niliyagusa mashavu yale kwa uangalifu, yasianguke kabla ya wakati. Boma lilizoea. Wanawake walisema kweli, senge alikuwa mzuri. Yule mke mpya aliyeolewa kwa pombe ya wimbi aliniuliza siku moja marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa na kosa lolote, msichana wa watu. Nilimwambia alikuwa mtu wa maneno mengi.

Vita vikaisha. Wanajeshi wakaanza kurudi kwa malori, mmoja akatuambia ndugu yangu yu hai, yuko hospitali, atakuja. Hakusema zaidi, nasi hatukuuliza. Nilipoletewa habari kwamba amefika nilitoka Mella mbio, khanga mkononi. Nilisikia vigelegele kwa mbali, halafu nikavisikia vikikatika. Nilipoingia uwanjani nikaelewa. Mwenzake wa jeshini alikuwa anamwongoza kwa fimbo, huyu ameshika ncha hii na yule ile. Macho ya ndugu yangu yalikuwa yamefumba, na ngozi kuyazunguka ilikuwa imeshonwa vibaya, yenye kung'aa.

Mungu nisamehe, jambo la kwanza nililowaza si yeye. Niliwaza ule ukuta. Miaka yote ile nimemtunzia mama yake amwone, naye ameletwa kwangu bila macho. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Walimwingiza kibandani kwake, kwa kuwa mtu hupokelewa kwake. Mkubwa wa boma alichinja jogoo. Yule mke wake mpya akaleta ugali wa wimbi, mweusi, moto, katika kikapu, akauweka sakafuni. Ndugu yangu alinawa lakini hakugusa chakula. Aliuliza mama yake alikufaje. Mzee akamjibu bila kukwama: homa, ya ghafla, alitunzwa, hakukosa kitu. Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi mno mpaka nadhani mwenyewe alianza kuliamini. Ndugu yangu akaitikia kwa kichwa. Kisha akavuta pumzi puani, akasema anasikia harufu ya tope la kwao, nani amekandika?

Nikasema ni mimi, dada yako wa Mella. Nikamwambia kwamba mama yake yuko hapo ukutani, mbele yake.

Alisimama. Alinyoosha mikono, akapiga hatua, akaufikia ukuta. Alianzia kwenye nywele. Vidole vilishuka kwenye ile michirizi, vikaingia kwenye pengo, vikasimama hapo. Akashuka kwenye paji, kwenye pua, kwenye makunyanzi niliyochora kwa mwiba. Tope zito lile, ambalo nililipandisha kwa ajili ya kivuli na jua, lilikuwa linasomeka kwa mkono. Hata mimi sikuwa nimelifikiria. Akafika kwenye mashavu, akayazungusha kwa viganja, akarudia.

"Mama alikuwa amenenepa hivi?"

"Alikula vizuri mpaka mwisho," mzee akamjibu haraka.

Ndugu yangu hakugeuka. "Nimemuuliza dada."

Nitasema ukweli, niliogopa. Sikumwogopa mzee tena, nilihofia maisha ya huyu. Mtu kipofu, shamba lote liko mikononi mwa baba yake mdogo, nani atamlimia, nani atampikia, atakula wapi? Nikimwambia, namnyang'anya boma. Nikinyamaza, atakaa hapa maisha yake yote akimshukuru huyu bwana kwa kila tonge. Mzee alinitazama, na macho yake yaliniambia hayo hayo. Lakini senge alinishika mkono akaniomba kitu kimoja tu.

Nikasogea. Nilichukua kidole cha ndugu yangu nikakiweka kwenye ukingo wa shavu la kushoto, pale ufa ulipokuwa umeanza. Nikamwambia vuta. Lilitoka zima, likaanguka miguuni pake na kupasuka. Akavuta la kulia mwenyewe. Jivu likampanda mikononi. Akaingiza vidole kwenye yale mashimo, akayafuata mpaka chini, akagusa mifupa, akagusa fito. Mzee akanung'unika kwamba tope la zamani hubomoka.

"Mwaka huo," ndugu yangu akasema, "kihenge cha baba mdogo kilikuwa na nini?"

"Wimbi," nikasema. "Kilijaa. Ulikuwa wa pombe ya harusi."

Yule mke mpya, aliyekuwa amechuchumaa karibu na kikapu, aliweka mkono mdomoni, akatoka nje. Sidhani aliwahi kuambiwa. Mzee alianza kusema habari za desturi, za ahadi kwa wakwe, za mjane aliyekataa kurithiwa, na sauti yake ikawa inapanda, kisha ikaisha yenyewe.

Ndugu yangu alichutama, akapapasa sakafuni mpaka akaupata ugali. Nilidhani anakula, na nikasema moyoni basi, njaa haina mwenyewe, acha ale. Alikata tonge, akalifinyanga kiganjani mpaka likawa laini. Akainuka nalo. Mkono wake mwingine ulitafuta ukutani, pua, kisha chini ya pua, ukaipata midomo ya mama yake. Akalibandika tonge hapo, akalishika kwa kiganja lisianguke, akasimama hivyo muda mrefu, kama mtu anayemngojea mgonjwa ameze.